Kanisa la Mkunazini: Namna ya Kulitembelea Ukaliona

Kanisa Kuu la Kianglikana la Kristo, ambalo Unguja nzima inalijua kwa jina la Mkunazini, lipo ndani ya Mji Mkongwe, kwenye kiwanja kilichokuwa soko la watumwa, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka soko la Darajani. Wageni wanamiminika kila siku. Wengi wanashuka kwenye vyumba vya chini, wanapiga picha sanamu zenye minyororo, wanachungulia kanisani, na baada ya nusu saa wako Forodhani wanatafuta juisi ya miwa. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipita hivyo hivyo, nikiwa na kundi la watu thelathini nyuma ya mwongozaji mwenye haraka. Niliporudi nyumbani bibi akaniuliza, "Umeona nini huko?" Nikakosa la kumjibu.

Bibi alikuwa mtu wa Ziwa Nyasa. Kwao ilisimuliwa habari ya msichana wa ukoo aliyekwenda kuteka maji asirudi. Wazee walisema alipelekwa Kilwa, na kutoka Kilwa akavushwa Unguja. Jina lake lilipotea. Hata bibi anazaliwa, hakukuwa na mtu aliyelikumbuka. Swali lake lilinirudisha Mkunazini, kisha nikarudi tena, na sasa kila nikiwapeleka ndugu zangu nafuata utaratibu huu ninaouandika hapa.

Kabla hujavuka maji

Ukitokea Dar es Salaam, boti ya kasi inachukua kama saa mbili. Beba kitambulisho halisi, maana picha ya simu inaweza kukusumbua getini, na kata tiketi mapema kama ni sikukuu au mwisho wa juma. Panda boti ya asubuhi. Ukitaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo inawezekana, ila usijibane: tenga saa tatu nzima kwa ajili ya Mkunazini peke yake.

Chagua siku vizuri. Jumapili asubuhi kuna misa (Waanglikana wa Zanzibar wanasema misa, ndivyo walivyolelewa na wamisionari wao), na waumini hawapendi watu wanaozungukazunguka na kamera wakati wa sala. Kama unataka kusali, njoo Jumapili na ukae mpaka mwisho. Kama unataka kutembea, njoo siku nyingine. Ijumaa mchana vichochoro vinajaa watu wanaokwenda msikitini na maduka mengi yanafungwa kwa muda, kwa hiyo fika asubuhi. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa maji njiani hadharani. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, vyumba vya chini vina unyevu mzito. Mwenye pumu ajipime mwenyewe.

Mavazi: mabega yafunikwe, na magoti pia. Hili ni kanisa, na lipo katika mji wa Waislamu. Heshima inayotakiwa huku na huku ni moja. Mwanamke akiwa na kanga ya kujitanda hatakwama popote. Viatu viwe vya kuvua na kuvaa kwa urahisi, na visiteleze kwenye ngazi.

Kuuliza njia

Ukiuliza tu "kanisa la zamani liko wapi?", unaweza kupelekwa Shangani, kwenye Kanisa la Minara Miwili. Hilo ni la Wakatoliki, la Mtakatifu Yosefu, lilijengwa miaka ya 1890, na ni zuri kwa namna yake. Wewe sema "Mkunazini, kwenye soko la watumwa la zamani". Mtoto yeyote wa Mji Mkongwe atakuonyesha.

Kutoka bandarini Malindi unaweza kwenda kwa miguu. Njia rahisi kwa mgeni ni kufuata barabara kubwa mpaka Darajani, kisha uingie ndani upande wa Mkunazini. Kukatiza vichochoro kunapendeza, lakini utapotea. Papasi, yaani vijana wa kusindikiza wageni kwa malipo, watakufuata bandarini wakijitolea kukupeleka. Wajibu kwa upole, "Ahsante kaka, napajua," uendelee na safari yako. Hawana ubaya, ila ukishakubali kusindikizwa utadaiwa, na mwongozaji unayemhitaji yuko kanisani kwenyewe.

Tiketi na mwongozaji

Kuna kiingilio. Toa kitambulisho na uulize bei ya wenyeji kabla hujatoa pesa.

Chukua mwongozaji wa pale. Ukiwa na uwezo, mchukue peke yako au na familia yako tu, usijiunge na kundi kubwa. Halafu fanya jambo moja ambalo watu hawalifanyi: msalimie vizuri, kaa naye dakika mbili, mwambie umetoka wapi na huna haraka. Mwambie azungumze Kiswahili. Wengi wao siku nzima wanarudia maelezo yale yale kwa Kiingereza na Kitaliano, na wakipata mtu anayewauliza kwa Kiswahili wanafunguka. Mwongozaji mmoja, mzee wa makamo, alipojua kwetu ni Nyasa aliacha maelezo yake ya kila siku, akaanza kuniambia ni misafara ipi ilitokea upande ule.

Mwombe pia akutenganishie mambo mawili: yapi yameandikwa, na yapi yanasimuliwa. Mwongozaji mzuri hatakasirika.

Anza na maonyesho, si na mashimo

Ndani ya eneo kuna maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa Afrika Mashariki. Kila mtu anayapita mbio kwenda chini. Wewe anza hapa, usome mabango yote. Ni kazi ya kama dakika arobaini.

Utaona kwamba njia za misafara zilitanda bara zima. Ile ya kati ilitoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo. Ya kusini ilitoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa. Utaona pia walikopelekwa watu: wengine Arabuni na Ghuba, wengine visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na wengi sana hawakuvuka kwenda mbali, walibaki Unguja na Pemba kwenye mashamba ya karafuu. Waliokamata walikuwa wa makabila mengi, wakiwemo watawala wa bara waliouza majirani zao. Waliokopesha mitaji ya misafara walikuwamo wafanyabiashara wa Kihindi, na pembe za ndovu walizobeba mateka mabegani ziliishia kuwa vitufe vya vinanda na mipira ya biliadi Ulaya na Marekani. Nasema haya kwa sababu mgeni asiyesoma hushuka chini na kupanda akiwa na kabila moja la kulilaumu, kisha anatoka nje na kuwatazama vibaya watu wanaouza ndizi Darajani. Kisiwa hiki kimejaa wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza, na mara nyingi ni mtu yule yule mmoja.

Shika tarehe hizi chache, zitakusaidia mbele. Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, huku Waingereza wakitishia kukifunga kisiwa kwa manowari, alitia saini mkataba wa kuzuia usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Siku ya Krismasi mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa mwaka ule. Kisheria ulifutwa Zanzibar mwaka 1897, masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909, na Tanganyika hadi 1922. Ukiona bango linalosema utumwa uliisha 1873, kumbuka mwanamke aliyekuwa shambani Unguja mwaka 1880, anasikia kengele za kanisa jipya na bado ana bwana wake.

Vyumba vya chini

Ngazi zinashuka chini ya jengo ambalo lilikuwa la misheni. Inama: dari ni fupi, na mtu mrefu atajigonga. Utakuta vyumba viwili, vyenye vibaraza vya mawe huku na huku na mfereji katikati, na vitundu vyembamba ukutani vinavyopitisha mwanga kidogo sana. Utaambiwa kwamba watu walijazwa hapa wakisubiri siku ya mnada, na kwamba maji ya bahari yaliingia kwenye mfereji na kusafisha uchafu.

Hapa ndipo unapomuuliza mwongozaji lile swali la yaliyoandikwa na yanayosimuliwa. Wako wanahistoria wanaopinga kwamba vyumba hivi viliwekwa watumwa, kwa hoja kwamba jengo lililo juu ni la wamisionari na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Msimamo wangu ni huu: shuka, kaa, ujue kwamba kuna mjadala, na usiache mjadala huo ukupunguzie ukweli wa yaliyotokea hapo juu, kiwanjani. Soko lilikuwepo. Watu waliuzwa kwenye kiwanja hiki. Kama hawakulala kwenye kibaraza hiki, walilala kwenye kingine kisichokuwa na dirisha.

Omba kundi likipanda juu ubaki dakika moja. Weka kiganja ukutani. Mawe ya matumbawe yana ukwaruzo, na yanatoa jasho la chumvi. Mkono ukiutoa unabaki na unga mweupe. Kisha panda.

Wazee wenye magoti mabovu wasishushwe kwa ajili ya kuridhisha wajukuu. Watoto wadogo vilevile: mimi siwapeleki chini walio chini ya miaka kumi.

Sanamu shimoni

Nje, kwenye bustani, kuna shimo la mstatili lililojengwa kwa mawe. Ndani wamesimama watu watano wa saruji na mawe, shingoni wana vyuma, na mnyororo unawaunganisha. Sanamu ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Mnyororo ni wa kweli, wa enzi zile.

Watu hufika, wakapiga picha, wakaondoka. Wewe zunguka shimo lote polepole, pande zote nne. Ukiwa juu unawatazama kama mnunuzi alivyowatazama, na hilo nadhani ndilo kusudi la kuwaweka chini. Sasa chuchumaa ukingoni mpaka macho yako yakaribie usawa wa macho yao. Nyuso zinabadilika. Utaona kuwa hakuna anayemtazama mwenzake, na kwamba miguu haikuchongwa, inapotelea ndani ya jiwe. Mnyororo una pete nene kuliko kidole gumba cha mwanamume.

Usishuke shimoni kupiga picha ya kujionyesha. Nimeona vijana wakijiweka shingoni kitambaa kama pingu huku wakicheka. Kama uko nao, waambie.

Ndani ya kanisa

Sasa ingia. Kofia vua, simu izime sauti.

Simama kwanza mlangoni utazame juu. Dari ni la upinde mmoja mrefu, halina nguzo katikati, na limemiminwa kwa mchanganyiko wa matumbawe na saruji. Aliyelibuni ni Askofu Edward Steere, Mwingereza wa UMCA, misheni ya Waanglikana iliyojenga kanisa hili, ambaye hakuwa msanifu kwa kazi. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Na inasimuliwa kwamba saa ya mnarani ilitolewa na Sultani Barghash mwenyewe, kwa sharti kwamba mnara usizidi urefu wa jumba lake la Beit al-Ajaib. Kanisa la Waanglikana kwenye ardhi ya Mhindu, na saa ya sultani Mwislamu: ndivyo Unguja ilivyo.

Karibu na mlango, upande wa mahali pa ubatizo, tafuta nguzo fupi kumi na mbili. Zitazame vizuri: zimesimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba Steere alisafiri, mafundi wakazisimamisha walivyoona inafaa, naye aliporudi akaamua zibaki hivyo. Mimi nazipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye jengo hili. Mafundi hao hawana jina lililobandikwa mahali, lakini mkono wao unaonekana, na hakuna anayeweza kuufuta bila kubomoa.

Tembea katikati hadi madhabahuni. Kwenye sakafu kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na wekundu. Utaambiwa kwamba hapa ulikuwepo mti au nguzo ya kuchapia watu, na kwamba wekundu ni damu yao. Usikanyage. Nyuma ya madhabahu amezikwa Steere, aliyefariki 1882. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kumsalimu: mwaka 1870 alichapisha sarufi ya lugha hii pamoja na hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, na akatafsiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiunguja. Kiunguja hicho ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Karibu na madhabahu kuna msalaba mdogo wa mbao. Watu huutafuta mkubwa, wakaupita. Mbao zake zimetoka kwenye mti wa kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, ambako David Livingstone alifariki Mei 1873 na moyo wake ukazikwa chini ya mti huo. Alikufa wiki chache kabla ya soko hili kufungwa, bila kujua kwamba litafungwa.

Hapa waongozaji wengi humaliza habari ya msalaba. Wewe uliza: nani waliuzika huo moyo? Walikuwa Waafrika waliosafiri naye, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Waliukausha mwili, wakaufunga kwenye magome na vitambaa, wakaubeba kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Chuma alikuwa Myao. Mwaka 1861, akiwa kijana mdogo, alikatwa kamba kwenye msafara wa watumwa, na waliomkata ni Livingstone na wenzake wa misheni hii hii. Chuma alifia Unguja mwaka 1882, mwaka mmoja na Steere. Susi naye alibatizwa Unguja na kufia hapa.

Nilipomsimulia bibi habari hii, aliuliza, "Huyo Chuma, kwao wapi?" Nikamwambia, Uyao, karibu na ziwa. Akanyamaza kitambo, halafu akasema nianze tena mwanzo.

Kwenye madirisha ya vioo vya rangi na kwenye vibao utaona kumbukumbu za Livingstone na za mabaharia wa Uingereza waliokufa wakifukuza majahazi ya watumwa. Zisome, walikufa kweli. Kisha zungukia kuta zote ukitafuta majina ya watu waliouzwa hapa. Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke. Utazunguka muda mrefu. Kwa hiyo njoo na majina yako uliyoyaandika kwenye karatasi kabla hujasafiri: John Swedi, mmoja wa wavulana walioachiliwa waliolelewa na misheni, aliyefanywa shemasi mwaka 1879, Cecil Majaliwa, aliyekombolewa akiwa mtoto, akapewa upadri mwaka 1890, Chuma, Susi. Kama kwenu kuna aliyepotea, liandike jina lake pia, au andika alikotoka. Kaa kwenye benchi, uyasome kimoyomoyo. Mkristo ataomba, Mwislamu atasoma Fatiha kimya, na hakuna atakayekuuliza.

Ukitoka

Mpe mwongozaji chochote, na umwambie kilichokugusa. Anakisikia mara chache. Maji na chakula ni Darajani: urojo, au ndizi na samaki, kulingana na saa.

Ukiwa na siku ya pili, usiitumie yote ufukweni. Kaskazini, Mangapwani, kuna chumba kilichochimbwa ardhini ambako watu walifichwa baada ya 1873, biashara ilipogeuka ya magendo. Kusini, Mbweni, misheni ilinunua shamba na kuwakalisha watu waliookolewa majini. Yapo magofu ya shule ya wasichana na lipo Kanisa la Mtakatifu Yohana, dogo, lenye miti na makaburi. Ukiweza kwenda mahali pamoja tu, mimi nakushauri Mbweni. Waulize makonda Darajani gari la kupanda, na ukifika piga hodi kwa wanaoishi jirani kabla hujaingia makaburini, kwa sababu ni kwao.